Chumba cha Upande wa Ziwa

Lorna Hatcher aliendesha basi la shule mjini Erie, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka ishirini na nane. Erie ni mji wa theluji, na theluji ya huko ikishaanza Novemba haina adabu. Unalala barabara ikiwa nyeusi, unaamka magari yamezikwa hadi vioo. Lorna alikuwa akitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, anawasha injini, anakwangua barafu kwenye kioo huku pumzi yake ikitoka kama moshi, kisha anazunguka mtaa kwa mtaa kuwachukua watoto wa watu. Hakumwacha mtoto kituoni hata siku moja. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mikono mipana, na ungemuuliza anataka nini duniani angekujibu kwamba hana shida.

Jibu hilo halikuwa la kweli. Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kwa miaka thelathini na miwili, na alikitaka hata pale alipokuwa akikwangua ile barafu. Alitaka kulala kwenye hoteli ya ziwani kule Florida, mbele ya bustani ya burudani, katika chumba cha upande wa ziwa chenye roshani.

Mambo yalianza mwaka ambao binti yao wa pekee, Denise, alitimiza miaka sita. Lorna na mumewe Vernon waliweka akiba mwaka mzima, wakapakia gari, wakaendesha siku mbili kwenda kusini mpaka baridi ikaisha na miti ikawa ya kijani. Walifikia kwenye gesti moja kando ya barabara kuu, ambayo kuta zake zilipakwa rangi ya chungwa, na malori yalipita mbele yake usiku kucha. Familia yao ikaiita Gesti ya Machungwa, na jina lake halisi wakalisahau. Asubuhi waliegesha gari kwenye uwanja mkubwa, wakapanda boti ya kuvuka ziwa hadi langoni. Na katikati ya ziwa, Lorna akainua macho akaiona hoteli. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu alikaa mwanamke aliyevaa joho jeupe la kuogea, miguu juu ya kizuizi, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa akiitazama boti yao kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha, bila haraka, bila kuhitaji kwenda popote.

Lorna alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakumwonea wivu yule mwanamke, au alijiambia hivyo. Ila tangu siku ile kuna mahali ndani yake palibaki wazi, kama mlango ambao mtu ametoka akasahau kuurudishia.

Vernon hakuwa bahili. Hilo ni lazima lisemwe, maana watu humhukumu upesi. Alifanya kazi katika kiwanda cha vichwa vya treni, akisimama juu ya saruji tangu asubuhi hadi jioni, na alichokipata alikileta nyumbani chote. Ila alikuwa mtu wa hesabu. Kila Februari, walipokaa jikoni kupanga safari, Lorna alikuwa akiuliza kwa sauti ya mzaha kama mwaka huu wangejaribu ile hoteli ya ziwani. Vernon alicheka, akamwita malkia wake, kisha akaeleza. Usiku mmoja pale ni sawa na siku nne kwenye Gesti ya Machungwa. Bustanini wataingia lango likifunguliwa na kutoka likifungwa. Hiyo roshani ataikalia nani?

"Macho yakishafumbwa," alikuwa akisema, "kitanda ni kitanda."

Na alisema kweli. Ugumu ulikuwa hapo hapo. Mtu mkaidi unaweza kumpinga, lakini mwenye haki utamwambia nini? Kwa hiyo walikaa siku saba badala ya mbili, wakabeba mikate ya siagi ya karanga kwenye sanduku la barafu, na Denise akapanda kila bembea mara alizotaka. Jioni Vernon alimweka mtoto mabegani, akambeba kutoka ndani kabisa ya bustani hadi langoni, hadi kwenye boti, hadi kwenye gari, mtoto amelala, mate yakimdondokea babaye kwenye nywele. Walikwenda hivyo mara kumi na moja. Mwaka wa sita Lorna aliacha kuuliza habari ya hoteli. Vernon alidhani ameridhika.

Denise alipofika miaka kumi na saba alisema hataki tena safari za kitoto, na safari zikaisha. Hakuna aliyejua kwamba ile ya mwaka uliotangulia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Zamani huwa haiagi. Denise akasoma, akaolewa, akahamia Oregon, ng'ambo ya pili ya nchi, akapata watoto wawili, Caleb na Junie, akaachana na mume kwa amani. Akawa mtu wa kupiga simu Jumapili.

Mwezi Juni Lorna alistaafu. Wenzake wa gereji walimpa keki yenye umbo la basi na pesa kidogo walizochangishana. Jumapili moja ya Oktoba, Denise alipopiga simu, akasema Caleb ameshafikisha miaka tisa na Junie mitano, wamefika umri wa kukumbuka, basi Machi waende wote Florida, yeye na watoto, baba na mama, kama zamani. Lorna alikubali kabla sentensi haijaisha. Kisha akasema malazi atalipia yeye. Kisha akataja ile hoteli.

"Mama, bei yake umeiona?"

"Nimeiona."

"Kwa usiku mmoja pale tunapata siku nne kwingine. Na kutwa tutakuwa nje. Macho yakishafumbwa, kitanda si ni kitanda?"

Lorna akacheka mpaka akakohoa. "Hayo maneno ni ya baba yako."

"Sasa mimi ni mtoto wa nani?" Denise naye akacheka. Halafu sauti yake ikabadilika. "Isitoshe nilitaka watoto wakaione Gesti ya Machungwa."

Lorna akamuuliza kuna nini cha kuona pale. Denise akamweleza kwa urefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama yake alivyozidi kukikalia kile kiti cha jikoni kwa uzito. Bwawa dogo la kuogelea ambalo maji yake yalikuwa ya vuguvugu kama supu. Mashine ya barafu nje ya mlango, ambayo baba alimruhusu yeye tu abonyeze kitufe. Malori yakipita na mwanga wake ukitembea darini. Na kulala watatu katika chumba kimoja, akisikia pumzi ya baba upande huu na ya mama upande ule. Akasema katika maisha yake hajawahi kulala mahali pazuri kuliko pale.

Miaka yote hiyo Lorna alikuwa amebeba huzuni akidhani ni ya mtoto. Alijiambia kwamba anamwonea uchungu Denise, aliyepita kwenye boti akitazama vya wenzake. Kumbe Denise hakuwahi kuitazama ile hoteli. Huzuni ilikuwa ya mama peke yake.

Hapo ndipo ilipobidi aamue, na haikuwa rahisi. Kwa wiki mbili alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Kama mtoto mwenyewe anataka gesti, hoteli ni ya nani? Alijaribu kujibu kwamba ni ya Vernon, na jibu hilo lilikuwa na miguu, tena miguu mibovu. Miaka thelathini na mitano ya kusimama juu ya saruji ilikuwa imeyamaliza magoti ya Vernon. Alipanda ngazi za nyumbani kwa kupumzika katikati. Kiti cha magurudumu hakutaka hata kutajiwa. Alipoambiwa habari ya safari alisema waende tu, yeye atabaki kulinda nyumba.

"Kuilinda na nani?" Lorna alimuuliza. "Na theluji?"

"Nitawachelewesha, mama Denise. Watoto watakuja kucheza, siyo kumsubiri babu."

"Hoteli iko langoni. Unaingia, unatembea kidogo, ukichoka unarudi kulala. Wala boti hupandi."

Vernon akamtazama. "Hoteli gani?"

Akamwambia. Vernon hakucheka, wala hakumwita malkia. Aliuliza bei, akaambiwa, akapuliza hewa mdomoni taratibu kama mtu anayepoza chai. Mwishowe akasema pesa ni za jasho lake Lorna, afanye atakavyo. Na Lorna alipoinua simu kuweka nafasi, mtu wa hoteli akamuuliza kama anataka vyumba vya upande wa maegesho, ambavyo ni nafuu, au vya upande wa ziwa. Magoti ya Vernon hayakuhitaji ziwa. Lorna alilijua hilo vizuri.

"Nipe ziwa," alisema.

Walifika Machi, wao kwa ndege kutoka kaskazini, Denise na watoto kutoka magharibi, wakakutana ukumbini, chini ya taa kubwa ya vioo. Vyumba vilikuwa viwili vyenye mlango kati yake. Junie alirukia kila kitanda kwa zamu. Caleb aligundua kwamba mapazia yanafunguka kwa kitufe, akayafungua na kuyafunga mpaka mama yake alipomwondoa. Lorna alipita katikati yao, akafungua mlango wa kioo, akatoka kwenye roshani.

Kulikuwa na viti viwili na meza ndogo. Chini ziwa lilimetameta, boti nyeupe ikikata maji, na upande wa lango minara ya kasri la bustani ikichungulia juu ya miti. Vyote vilikuwa vile vile. Aliweka mikono juu ya kizuizi, akangoja furaha imjie. Ilikuja, si haba. Ila ilikuja kwa adabu, kama mgeni asiyevua viatu.

Siku ya kwanza Vernon alikwenda nao bustanini. Alifika hadi kwenye farasi wa kuzunguka, akaketi kwenye benchi, na kufika saa tano asubuhi uso ulikuwa umemgeuka rangi. Lorna akamrudisha. Siku ya pili hakwenda. Asubuhi Lorna aliongozana na Denise na watoto, akapanda nao gari la maji, akalowa hadi soksi. Lakini chakula cha mchana kilipoisha alisema anarudi kumwangalia babu yao.

Alimkuta kwenye roshani, miguu imenyooshwa juu ya kiti cha pili, kitambaa chenye barafu kwenye kila goti. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Aliweza kumwambia ipi ni boti inayochelewa na nahodha yupi anawapungia watoto mkono. Lorna akavuta kigoda cha chumbani, akaketi kando yake. Walitazama boti moja ikija na nyingine ikienda.

"Lorna," alisema Vernon.

"Naam."

"Tungekuja hapa zamani. Mimi ndiye niliyekunyima."

Aliisubiri sentensi hiyo kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa ameitunga mara nyingi kwenye usukani wa basi, akaitungia na majibu, mengine matamu, mengine makali. Sasa imekuja na majibu yote yamemkimbia. Kwa sababu chini yao boti ilikuwa imetia nanga, na watu walikuwa wakishuka, na miongoni mwao alikuwako kijana mwenye mtoto mabegani, kofia imemwangukia usoni, na mkewe nyuma yake amebeba sanduku la barafu kwa mikono miwili. Walikuwa wamechoka, walikuwa wakibishana jambo. Na Lorna, aliyekaa kwenye roshani aliyoitamani maisha yake yote, alitamani kuwa yule mwanamke wa sanduku. Aliitamani miguu inayouma kwa kutembea, soksi mbichi, mkate uliopondeka. Aliutamani mgongo wa Vernon ukitangulia mbele yake, umenyooka, na mtoto juu.

"Hapana," alisema. "Ulifanya vizuri."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Hapa tungekaa siku mbili tu. Kule tulikaa saba. Mtoto anakulilia wewe na mashine yako ya barafu mpaka leo."

Vernon akaigeuza ile barafu kwenye goti. "Lakini ulikuwa unataka."

"Nilikuwa nataka."

"Sana?"

"Sana."

Vernon akasema, macho bado ziwani, "Kila mwaka nilikuwa nakuona kwenye boti unavyotazama huku. Nikawa najifanya natazama bata."

Lorna alidhani siri ile alikuwa nayo peke yake. Aliuchukua mkono wa mumewe, mkono mzito wenye kovu la chuma, akauweka mapajani mwake, na wakakaa hivyo mpaka barafu yote ikayeyuka ikalowesha viti.

Asubuhi ya siku ya tatu, Lorna aliteremka kwenda kuchukua kahawa. Kwenye mapokezi palisimama mke na mume vijana, mtoto mchanga kiunoni mwa mama, mwingine wa miaka minne hivi akivuta suruali ya baba. Karani alikuwa akiwaeleza kwamba wakiongeza kiasi fulani watahamishiwa upande wa ziwa. Mume aliguna, akatoa simu kupiga hesabu. Mke akageuka, akamwona Lorna na vikombe viwili.

"Samahani, mama. Nyie mmekaa upande wa ziwa? Ile pesa inafaa kweli?"

Lorna akawatazama wote wanne. "Mumeo magoti yake mazima?"

Yule binti akacheka kwa mshangao. "Mazima. Anacheza mpira kila Jumamosi."

"Basi kaeni hapo mlipo. Hiyo pesa ongezeni siku."

Mume akasikia, akamshukuru Lorna kwa sauti, kama mtu aliyepata wakili. Lorna akaenda zake. Lakini alipofika kwenye lifti na milango ikafunguka, hakuingia. Akarudi na kahawa zake, akamsogelea yule binti karibu.

"Wewe mwenyewe unakitaka hicho chumba?"

Binti akamtazama mumewe kwanza, kisha akashusha sauti. "Nakitaka sana."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Mwambie, hata kama mwishowe mtakikataa pamoja."

Hakungoja kuona walichoamua.

Siku ya mwisho Denise alikodi gari akawapeleka watoto kuitafuta Gesti ya Machungwa. Lorna alibaki na Vernon, akawa anapanga nguo masandukuni. Walirudi baada ya saa mbili. Watoto waliingia wakiwa na aiskrimu, wachangamfu, lakini Denise alikuja moja kwa moja kwenye roshani akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa msichana mwenye hasira.

"Haipo," alisema. "Wanauza matairi pale."

Mama yake akamwambia pole. Denise akasema si kitu, majengo huvunjwa. Ila alisimama mbele ya matairi akajaribu kuwaeleza watoto hapa palikuwa bwawa, pale palikuwa mlango wetu, na Caleb akamwuliza mbona analia. Lorna akamshika kichwa. Alitaka kumwambia kwamba anaijua hali hiyo, ya kutamani mahali hata miguu ikakosa pa kukanyaga. Lakini aliona mtoto ameshajua.

Baada ya muda Denise akainua uso. "Baba, ulikuwa unanibeba kutoka wapi hadi wapi?"

Vernon akanyoosha kidole. Akamwonyesha minara ya kasri, akakishusha kidole polepole kufuata miti hadi langoni, akakivusha ziwa, akakipeleka hadi kwenye ule uwanja wa magari ulioonekana mbali kama kitambaa cha kijivu.

"Kote huko?"

"Ulikuwa mwepesi," alisema Vernon.

Waliagana uwanja wa ndege, mlango huu na mlango ule. Junie alikuwa amesinzia begani kwa mama yake, na Lorna alisimama akiwatazama mpaka nywele za mtoto zikapotea kati ya watu. Erie waliikuta bado na theluji.

Kiangazi kile Vernon alipasuliwa goti la kulia, na la kushoto baada ya hapo. Lilipona moja vizuri, la pili nusu nusu. Sasa anatembea hadi mwisho wa mtaa wao na kurudi, Lorna pembeni yake, na hawajapanga safari nyingine. Wakati wa baridi, dereva wa gereji akiugua, wenzake humpigia Lorna simu, naye hutoka kabla ya mapambazuko kukwangua kioo. Wanapenda kumtania kuhusu hoteli yake ya kifahari, na kumwuliza kama ilikuwa na thamani ya pesa zile zote.

Huwaambia vitanda vilikuwa vizuri. Kisha huingia ndani ya basi, huwasha injini, hukaa kidogo ikipata moto, mikono juu ya usukani.